Daktari wa Mizani na Bakuli la Mama

Watu wa Mwabungo hawakulitumia jina lake. Alikuwa nalo, tena zuri, jina la kibara lenye herufi nyingi, lakini siku ya kwanza liliwashinda ndimi na siku ya pili halikuhitajika tena, maana alikuwa ameshaitwa Daktari wa Mizani. Nami nitamwita hivyo. Nilikuwa na majina mengine niliyomwita kimoyomoyo, ila hayo hayafai kuandikwa.

Niseme mapema ili msomaji asije akanidhania mwema: nilimwonea wivu mwanamke yule. Haukuwa wivu wa mume. Mume wakati ule sikuwa naye, na yeye wanaume aliwatazama hivi hivi tu, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilimwonea wivu kwa mama yangu mzazi, mjane wa pale Mwabungo, mpika mbaazi na mahamri, ambaye mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Au ndivyo nilivyojua mpaka Daktari wa Mizani alipoingia kijijini na pikipiki yake, mizani imefungwa nyuma kwa mpira.

Alizaliwa wapi, sijui. Baba yake ni nani, sijui. Na hilo lina kichekesho chake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwauliza watu mama zao, bibi zao na mama za bibi zao, walikufa kwa nini na wakiwa na umri gani. Alikuwa akikaa mkekani na wewe akauchimbua ukoo wenu hadi kwa watu ambao hukuwahi kuwasikia wakitajwa, na akishaondoka ndipo unagundua kwamba hukumuuliza hata kama ana kaka. Mimi sikumuuliza kwa makusudi. Sikutaka kumjua zaidi ya pale.

Alikuwa mtafiti wa saratani. Alitaka kujua ule ugonjwa wa koo, ule unaofanya chakula kikatae kushuka, kwa nini unaingia nyumba hii na kuiruka ile. Je, ni tunavyokula na kunywa? Ni kitu tunachorithi katika damu? Au hivyo viwili vinasaidiana kummaliza mtu? "Wote wamekula chungu kimoja," alikuwa akisema, "sasa kwa nini shingo moja?" Alilisema hilo kila mahali, hata kwa watu waliokuwa wakinunua muhogo tu na hawakumuuliza kitu.

Walipojua kuwa ni daktari, akina mama walimletea watoto wenye homa. Akawaeleza kwamba yeye hatibu mtu mmoja mmoja, yeye huuliza kijiji kizima kinaumwa na nini. Mama mmoja akamjibu, "Basi uliza upesi, maana huyu anaumwa sasa hivi." Daktari akacheka, akaishusha mizani chini, akampakia mama na mtoto wake kwenye pikipiki na kuwapeleka zahanati. Mizani ilishinda pale kwenye mchanga mpaka jioni, na hakuna aliyeigusa. Ndiyo siku alipopendwa, na mimi nilisimuliwa habari hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Swali lake kubwa lilikuwa, "Jana ulikula nini?" Alimuuliza imamu. Aliwauliza walinzi wa hoteli za Diani. Askari mmoja alimsimamisha njia ya Ukunda akitaka leseni, naye akasema, "Nitakupa. Kwanza, jana ulikula nini?" Yule askari akaanza na maharage, akaingia kwenye habari za mkewe asiyejua kutia chumvi, akaishia kwa chakula alichokuwa akipikiwa na mama yake huko kwao. Leseni haikuulizwa tena. Nasikia askari yule alikuwa karibu kulia.

Na yeye mwenyewe alikula nini? Hapo nilimshika. Mwanamke aliyewahesabia watu majani ya mchunga, mboga yetu chungu ya kila siku, alikuwa akiishi kwa chipsi za Ukunda na soda, na mfukoni hakukosa biskuti. Mboga niliona akizipima, sikuona akizila, angalau mwanzoni. Tena aliwahoji wazee kuhusu chai ya moto, kwamba ile inayounguza huenda ikaliumiza koo kidogo kidogo, ilhali yeye akimiminiwa chai hangoji hata moshi upungue. Nilipomwambia, alikitazama kikombe chake kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine, akasema, "Ni kweli." Kisha akanywa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa bingwa wa chai ya moto. Aliinywa ikitoka jikoni. Siku ya kwanza Daktari alipotia kipimajoto ndani ya kikombe chake, mama aliruka.

"Ai! Unaipima chai yangu homa?"

"Eeh, mama. Na iko na homa kali."

"Basi itibu," mama akasema, akakichukua kikombe na kunywa.

Tangu hapo wakapatana. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kule Msambweni, nalala katika nyumba za wafanyakazi, narudi nyumbani Jumamosi. Nilimpimia mama presha mwaka mzima, na hakunifanyia mzaha hata mmoja.

Sasa nifike kwenye bakuli. Mama alikuwa na bakuli kubwa la bati lenye maua mekundu, ubavuni limebanduka rangi kidogo, na lilikuwa bakuli la wageni. Si wageni wetu peke yetu. Mtaa mzima uliliazima. Ukiletewa posa, ukijiwa na mkwe, unatuma mtu kwa mama kuchukua bakuli.

Daktari wa Mizani alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Kabla ya kwenda kupima chakula cha nyumba fulani, alituma ujumbe: kesho nitakuja kwenu. Hata mtoto mdogo wa pwani angejua matokeo yake. Anayekuja kesho ni mgeni, na mgeni hapewi sima kwa mchunga. Kuku walichinjwa. Wali wa nazi ulipikwa na watu ambao wali walikuwa wakiuona Idi hadi Idi. Yeye akafika, akalipima bakuli tupu, akalipima limejaa, akauliza nani amekula kiasi gani, akaandika, akashukuru. Ilikwenda hivyo miezi. Kwa hesabu zake, watu wa Mwabungo walikuwa wakila kuku kuliko watalii.

Nilikuwepo siku alipogundua. Ilikuwa Jumamosi, zamu ya nyumba yetu. Aliliweka bakuli tupu juu ya mizani, akainama kusoma. Akaligeuza. Akapitisha kidole pale lilipobanduka rangi.

"Mama," akasema, "hii bakuli nimeipima kwa jirani yako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na kwa yule fundi wa vitanda. Na kwa mwalimu wa madrasa. Na kule kwa wale mapacha. Kila nyumba uzito wake ni huu huu."

"Litabadilika vipi, na bakuli ni moja?"

Nilingoja akasirike. Nakiri nilingoja kwa hamu. Badala yake alikaa chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama naye akacheka, wakashikana mabega. Mimi nilisimama na sahani mkononi.

"Sasa tungefanyaje?" mama akasema akijipangusa. "Tukupe sima na mchunga, ukaseme huko Nairobi kwamba watu wa Mwabungo hawana haya?"

"Kazi yote ni ya kutupa," akasema Daktari. "Yote, mama. Mimi sitaki ile mnapikia mgeni. Nataka ile mnakula kila siku."

"Sema, chakula mnachokula kila siku."

"Chakula mnachokula kila siku."

"Haya. Kama hicho ndicho unachokitaka, usije tena kwa mlango wa mbele na usitume salamu. Pita uani. Anayepita uani hapikiwi."

Kwetu hilo si neno la kusemwa hivi hivi. Mlango wa uani ni wa watoto wa nyumba, na wa shoga wa kufa na kuzikana. Mama akampa. Akaenda mwenyewe kuwaambia majirani wampe nao, na kwa sababu ni mama aliyesema, wakampa. Daktari akaanza utafiti wake upya kuanzia sufuria ya kwanza. Wakubwa wake walimjia juu, hilo alitusimulia mwenyewe bila kujionea huruma. "Niliwaambia niliwapimia haya za watu, sikuwapimia chakula chao," akasema.

Basi akawa mtu wa uani. Alikuja wakati wowote, hapigi hodi, anavua viatu na kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi huku akiuliza maswali yake. Alikuna vibaya mno, chicha zinaruka hadi kwenye nywele. Mama hakumkemea. Mimi nilipokuwa mdogo nilikemewa kwa chicha moja iliyoanguka nje ya ungo.

Suruali zake zilikuwa zikisemwa msikitini, kwa hiyo mama akampa leso ya kujifunga juu yake. Leso ile niliijua. Leso huuzwa pande mbili, na pande mbili zile nilizinunua mimi kwa mshahara wangu wa kwanza, zambarau yenye pindo jeupe. Mama alikuwa amejifunga kipande kimoja na cha pili akampa yule. Niliuliza kama ile si leso yangu. "Si yako, ni yangu," mama akanijibu, "ulinipa." Usiseme mtu haumwi na roho kwa kipande cha kitambaa.

Halafu kuna maneno yake. Alikuja na Kiswahili cha bara, kile cha kukata mikia ya vitenzi, na katika mwaka mmoja akawa anasema "niwie radhi" na "inshallah" na "tafadhali ninakuomba". Tena hakujifunza kwa watu wote. Alijifunza kwa mama. Alivuta neno pale mama anapovuta, alishusha sauti pale mama anaposhusha. Nikiwa nje ya nyumba nawasikia wanaongea, kuna wakati sikujua yupi ni yupi.

Lakini mimi nilikuwa na bakuli. Hilo lilinifariji. Jumamosi nikishuka barabarani na kikapu changu, machungwa, sukari, mkate wa Msambweni, napita mlango wa mbele nikiwa nimevaa vizuri, na mkeka umeshatandikwa. Katikati ya mkeka ni bakuli la maua: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari pembeni. Daktari wa Mizani, nilijiambia, na aendelee kulamba masufuria huko nyuma. Mimi napikiwa. Mama alikaa nami, akachukua tonge lake, akaongea. Siku hizo alikuwa muongeaji kweli. Tonge lilikaa mkononi muda mrefu kwa sababu ya hadithi, na nikimhimiza ale alisema alikuwa akionja jikoni tangu asubuhi, ameshashiba.

Daktari alikuwa na neno moja ambalo wasomi wengine huliogopa, nalo ni "sijui". Alilisema bila kupepesa. Ukimwuliza kama mchunga unakinga saratani, sijui bado. Kama kutafuna tambuu kunaileta, nadhani, lakini kwa hapa sijui. Mwanamume mmoja aliyekuwa na wasiwasi na koo lake alimwomba amwambie tu kwamba si kitu, apate kulala. Akamjibu, "Siwezi kukwambia nisilolijua. Naweza kukupeleka kwa anayejua." Mimi niliona ni ukatili. Wauguzi tunajua kwamba kuna siku mtu anahitaji uongo mdogo. Mama alipenda. "Huyu," alisema, "akikwambia ndiyo, ni ndiyo."

Ili watu wakumbuke koo zao, alitumia punje. Alitandaza mkeka, punje ya mahindi ni mwanamke, punje ya mbaazi ni mwanamume. Huyu ni wewe, hawa wazazi wako, hawa ndugu zao. Aliyekufa kwa koo anasogezwa juu ya kipande cha mkaa. Wazee waliokataa kujibu maswali ya karatasi walizishika punje wenyewe na kuzipanga, wakibishana, wakizirudisha, wakizibusu nyingine.

Jumamosi moja nilifika mapema. Nilisikia sauti zao chumbani, nikasukuma mlango, nikawakuta wamekaa na punje katikati, na vipande vya mkaa vikiwa vimepangika zaidi ya kimoja. Mama akazipangusa zote kwa kiganja. Kwa mpigo mmoja zikawa fungu.

"Mnacheza nini?" nikauliza.

"Hatuchezi kitu," mama akasema. "Mbona umewahi leo?"

Mbona umewahi. Mtoto wa nyumba anaulizwa hivyo. Daktari aliinuka, akaniamkia, akatoka kwa uani, na nilimwona anavaa viatu bila kufunga kamba. Mkono wa mama ulikuwa bado umefumbwa, nami nikadhani ni hasira. Bibi yangu mzaa mama niliambiwa alikufa kwa homa. Dada yake bibi pia, homa. Sikuwahi kufikiri kwamba homa ilituandama hivyo.

Mwaka wa tisini na saba, zilipotokea vurugu za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, wale wa Ukunda walibeba mabegi wakaondoka kwa makundi. Daktari alichelewa. Mama akamficha chumbani kwangu, kitandani kwangu, siku kadhaa. Vijana wasiotoka mtaa wetu walikuja kuuliza nani analala humo, na mama akasimama mlangoni na kusema, "Ni mwanangu." Sikuwepo. Nilisimuliwa na jirani aliyedhani nitafurahi kusikia mama alivyokuwa jasiri. Nilifurahi, na roho iliniuma, vyote palepale. Mtu angeweza kunilaumu. Lakini chumba kilikuwa changu na neno lilikuwa langu.

Siku niliyowakuta kwenye benchi la hospitali, nilikuwa kazini. Nilitoka wodini kwenda kuchukua dawa, nikapita kwenye korido ya wagonjwa wa nje, na mwisho wa benchi nikaziona leso mbili za zambarau zenye pindo jeupe. Mama alikuwa na moja. Daktari wa Mizani alikuwa na nyingine. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya mkono wake.

"Mama! Una nini?"

"Sina kitu. Nimemsindikiza Daktari."

Daktari akainamisha kichwa. Yule hakujua kudanganya hata kwa kunyamaza. "Mama," akasema taratibu, "mwambie."

"Ni koo tu," mama akasema. "Chakula kinakwama kidogo."

Sikumuuliza mama. Nilimgeukia yule. "Umejua tangu lini?"

"Niwie radhi. Si langu kulisema."

"Mimi ni mwanawe!"

"Najua."

"Usimgombeze," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwapisha. Anakuja jikoni, angekosa kuona? Aliona siku ya kwanza nilipoacha sima. Amenibembeleza miezi nije hospitali."

"Kwa nini yeye, mama? Nafanya kazi hapa. Kwa nini si mimi?"

Kabla mama hajajibu, jina lake likaitwa. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, na mkoba wake akampa Daktari amshikie. Hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe upande ule. Nilirudi wodini bila dawa niliyotumwa.

Yaliyofuata wengi wanayajua katika nyumba zao. Mombasa, vipimo, madaktari wanaoongea taratibu, kurudi nyumbani. Nilichukua likizo nikahamia Mwabungo. Daktari wa Mizani alikuwa ameitwa Nairobi kwenda kuzihesabu sufuria zetu, naye aliandika kwa mama, na mimi nilimsomea mama barua zile kwa sauti, neno kwa neno, maana sikutaka aniseme nimeruka. Mama alikunywa uji kwa kijiko, halafu maji, halafu hata maji yakakataa. Tulimzika karibu na baba. Ule ugonjwa wa bibi na dadake nao niliujua wakati huo, kwa shangazi aliyedhani siku zote nilikuwa najua.

Alirudi mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa. Arobaini ilikuwa imepita kitambo. Nilikuwa jikoni niliposikia pikipiki, na kabla sijanyanyuka alikuwa ameshaingia uani, amevua viatu, leso ya zambarau juu ya suruali. Alikuwa amekonda. Akasema, "Assalaam aleikum, mwana wa mama," kwa sauti ile ile ya mama, akivuta pale pale.

"Pita mbele," nikamwambia.

Hakuuliza kwa nini. Alivaa viatu vyake, akaizunguka nyumba, nikamsikia anapiga hodi mlango wa mbele. Nikamkaribisha. Nikamtandikia mkeka mpya. Nikamwambia angoje, nikachinja kuku, nikakamua tui zito, nikapika wali kama unavyotakiwa kupikwa, na nikamwekea mbele yake, katikati ya mkeka, ndani ya bakuli la maua. Sijapata kumfanyia mtu heshima kubwa vile, wala kumsukuma mtu mbali vile. Alielewa. Alinawa mikono, akanawa tena.

Alilishika bakuli kwa mikono miwili, akaliinua kidogo, akalirudisha.

"Ndilo," akasema.

"Ndilo."

Alikula matonge machache. Kisha akasema, "Nililionea wivu bakuli hili."

"Wewe?"

"Tangu siku tuliyocheka, mama hakuniwekea tena. Nilikula kwenye kifuniko cha sufuria. Nilijua ni heshima, na kazi yangu ilitaka hivyo, lakini Ijumaa nikimwona analisugua kwa majivu kwa ajili yako, roho iliniuma. Wewe ulikuwa unapikiwa."

"Na wewe ulikuwa unaambiwa."

"Niliambiwa, ndiyo." Akajipangusa vidole. "Unataka nikwambie aliniambia nini? Sasa naweza. Alinipangia punje zote, mama yake, mama yake mkubwa, akaziweka juu ya mkaa mwenyewe. Punje yako alikataa kuiweka mkekani. Kila mara aliishika mkononi, akaufumba. Akaniuliza swali moja, siku zote hilo hilo: kitu hiki kiko kwenye damu? Maana nina mtoto. Ndiyo sababu alinifungulia uani. Hakuwa akiniuliza habari zake."

"Ukamjibu nini?"

"Sijui bado. Ndivyo nilivyomjibu."

"Na sasa unajua?"

"Bado. Kunywa chai yako ikipoa. Na kikikwama kitu, hata mara moja, usimfiche mtu."

Nilitazama mikono yangu. Nilitaka kumchukia kwa lile sijui lake, nikashindwa, kwa sababu angekuwa mwongo ningejua.

"Kuna jambo jingine," akasema. "Ijumaa, baada ya adhuhuri, alikuwa akipika wali kikombe kimoja. Anakaa nyuma ya mlango wa uani. Anachukua tonge, anameza, anangoja. La kwanza linarudi. Anachukua lingine. Nilimwambia, mama, unajitesea nini, na uji upo? Akaniambia, kesho mwanangu anakuja. Nataka nizoee."

Nje jirani alikuwa akimwita kuku wake. Nililikumbuka tonge mkononi mwa mama, na zile hadithi ndefu, na mimi nimekaa mbele yake nakula kwa raha nikijiona nimeshinda. Wivu haukunitoka hata hapo. Nitakuwa mwongo nikisema ulinitoka. Zile Ijumaa alikuwa nazo yeye, na mimi nilipewa Jumamosi.

Niliinuka nikaliondoa bakuli mbele yake. Alidhani nimemfukuza, akaanza kutafuta viatu.

"Viache," nikasema. "Njoo huku."

Nikatangulia jikoni. Kulikuwa na sima ya jana na mchunga uliobaki, nikaviweka kwenye kifuniko cha sufuria, nikavuta vibao viwili pale pale nyuma ya mlango wa uani. Alikaa. Nikamwekea chai, nami nikajiwekea, na vikombe vyote viwili nikaviacha chini vipoe.

"Anza na Jumatatu," nikamwambia. "Jumatatu mama alikula nini?"

Alifikiri, macho ameyafumba.

"Uji wa mtama," akasema. "Jumatatu alikunywa uji wa mtama, akaniambia niongeze ndimu."

"Na Jumanne?"